Seriamu ndani ya alumini: je, itavifaa vipuri vya injini za boti?

Msubuji wa Igogo:
Wanajamvi, salaam. Hapa Mwanza tunayeyusha alumini chakavu, hasa pistoni kuukuu, na kusubu sufuria pamoja na vipuri vya injini za boti. Vipuri vinavyokaa karibu na moto hulegea mapema. Nimesoma kwamba alumini ikiungana na metali za madini adimu hutoa kampaundi zinazostahimili joto. Je, zina sifa gani, na zinaweza kutufaa?

Mwalimu wa Nyegezi:
Ndugu Msubuji, aloi nyingi (michanganyiko ya metali) za alumini hupata nguvu kutokana na chembe ndogo mno zilizotawanyika ndani yake. Joto likipita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, atomi huhama, chembe hizo huungana na kuwa chache na kubwa, na metali hulegea. Seriamu, mojawapo ya hizo metali za madini adimu, haiyeyuki ila kidogo mno katika alumini iliyoganda, na atomi zake huhama polepole sana, kwa hiyo kampaundi ya alumini na seriamu, Al₁₁Ce₃, inayoganda pamoja na alumini katika mchanganyiko wenye takribani asilimia 10 ya seriamu, hudumu na umbo lake. Watafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, wameonyesha kwamba aloi za namna hii zinaweza kutumika bila kurudishwa tanuruni kuimarishwa, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kwa karakana ndogo. Kampaundi ikiwa peke yake, hata hivyo, huvunjika kama kigae; alumini laini inayoizunguka ndiyo huishika.

Fundi Majokofu, Kirumba:
Zipo pia kampaundi za alumini na metali za madini adimu zenye usumaku. GdAl₂ (ya gadolini) huwa sumaku kwenye baridi ya chini ya kelvini 170 hivi, yaani karibu nyuzi 100 za Selsiasi chini ya sifuri, na HoAl₂ (ya holmi) na ErAl₂ (ya erbi) kwenye baridi kali zaidi, ndiyo maana zinachunguzwa kwa majokofu ya sumaku ya kugeuza hidrojeni kuwa kimiminika. Kwa kugandisha sangara hazifai.

Mwalimu wa Nyegezi:
Naafiki. Nirudi kwa Msubuji: pistoni kuukuu zina silikoni nyingi, nayo huiteka seriamu na kuunda kampaundi nyingine kabla Al₁₁Ce₃ haijapatikana ya kutosha. Anza na alumini safi, kwa mfano ya nyaya za umeme, na utumie aloi ya alumini iliyokwisha kutiwa seriamu. Usikwangue wala kukata seriamu tupu karibu na tanuru, kwa kuwa vumbi lake huwaka. Ndiyo hiyo inayotoa cheche katika vijiwe vya viberiti vya gesi.