Tupeane uzoefu: programu iko kwenye seva ya Linux, dirisha linafunguka kwenye PC yako

Wakuu, wenye uzoefu wa X11 (mfumo wa Linux wa kuchora madirisha, hata kupitia mtandao) njooni huku. Sizungumzii kuvuta desktopu nzima kama AnyDesk, nazungumzia dirisha la programu moja tu. Naanza mimi. Chuoni Matlab, programu ya hesabu na grafu, ipo kwenye seva yenye RAM ya kutosha, laptop yangu ina GB 4 na inahema. Nikaweka VcXsrv, programu inayoiwezesha Windows kuonyesha madirisha ya X11, nikaingia kwenye seva kwa PuTTY (ya kuunganisha kwa ssh, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) na tiki kwenye sehemu ya X11. Grafu zinafunguka pembeni ya Word kama vile Matlab imo humu humu. Wenzangu mnatumiaje?

*

Mimi hutumia MobaXterm, ina kila kitu ndani, ssh na X pia. Ushauri kwa wageni: ukiona "cannot open display" usianze kulaumu kule mbali. Kwenye X, seva ni hiyo PC iliyo mbele yako, ndiyo inayotoa skrini, kibodi na mausi. Programu ya mbali ni mteja anayeomba kuchorewa. Kwa hiyo angalia kwanza kama VcXsrv au Xming, ya aina hiyo hiyo, imewashwa kwako, kisha andika echo $DISPLAY kule. Ikiwa tupu, huenda hukuingia na ssh -X, yaani ssh inayopitisha na madirisha.

*

Sisi tuliendesha maabara ya sekondari kwa LTSP, mfumo wa Linux wa kuwasha kompyuta nyingi kutoka seva moja. Kompyuta chakavu za msaada, nyingine hata hard disk hazina, zinawaka kupitia kadi ya mtandao na kazi yote inafanyika kwenye seva moja. Kuandika na kupiga hesabu kwenye LibreOffice, safi kabisa. Video ilitushinda: kila picha inapita kwenye waya, mwanafunzi mmoja akifungua katuni darasa zima linaganda. Na seva ikizima, kipindi kimeisha, mwalimu arudi kwenye chaki.

*

Naona kuna watu bado wanafundishana amri ya "xhost +". Jamani! Hiyo inafungua skrini yako kwa yeyote anayeifikia kwenye mtandao, kupitia mlango (port) wa 6000. Enzi zetu tulitaniana kwa kurushiana xeyes, yale macho yanayofuata mausi, mtu anashtuka yametokea kwake. Lakini aliyeruhusiwa kuchora anaweza pia kusoma unachobonyeza, nywila ikiwemo. X ilizaliwa MIT mwaka 1984, watu wakiaminiana. Pitisheni kwenye ssh.

*

Niko Muscat, seva iko Dar. Ssh -X kwa umbali huu ni mateso: unabonyeza menyu, unakwenda kumimina chai, unarudi ndiyo inafunguka. Nikanunua kifurushi kikubwa zaidi, hakuna tofauti, kwa sababu programu inauliza na kusubiri jibu mara nyingi mno kabla ya kuchora kitufe kimoja. Kilichonisaidia ni X2Go, programu nyingine ya kuleta madirisha ya mbali, inapunguza hizo safari za kwenda na kurudi. Tena mtandao ukikatika, kazi unaikuta ilipoishia. Kwa ssh -X ya kawaida, ukikatika dirisha linakufa na ulichokuwa hujahifadhi.

*

Mkuu wa Muscat, X2Go ile unaiweka upande wa seva pia? Chuoni sina ruhusa ya admin.

*

Ndiyo, lazima iwepo kule. Waombe wao, ni pakiti ya kawaida kwenye Debian. Na kama una Windows 11, jaribu WSL kwanza, Linux inayoendeshwa ndani ya Windows: ina X yake ndani, VcXsrv unaweza kuiondoa.