Naomba msaada: tairi moja la umeme linanipeleka kushoto tu

Mama Hesabu (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka 41, baiskeli naendesha tangu darasa la tatu. Wanaoijua Tanga wanajua kwetu baiskeli ni kama ndala, kila mlango unayo.

Mdogo wangu wa kiume yuko Lyon. Kanunua gurudumu jipya la umeme, hili la zamani kanipa mimi. Kwenye ndege hawakubali betri kubwa kiasi hiki, kwa hiyo lilikuja kwa meli ndani ya gari la rafiki yake, miezi miwili njiani. Ni lile lenye tairi moja, mota ipo humohumo ndani ya tairi, halina kiti wala usukani. Unasimama, pedeli moja huku na nyingine huku, tairi katikati ya miguu. Inchi 16, kilo 14. Yeye huenda nalo kazini kila siku, kule sheria inawaruhusu mpaka kilometa 25 kwa saa, ila sio juu ya njia ya waenda kwa miguu. Na mimi nilitaka hivyohivyo, nyumbani mpaka shule ni kilometa nne na hakuna mlima.

Leo ni siku ya 9 ya mazoezi. Nafanyia kwenye uwanja wa netiboli wa zege, wanafunzi wakishaondoka. Mwanangu wa kidato cha pili ananishika mkono. Akinishika naenda hata mita 10. Akiniachia naenda mita tatu, halafu linakata kushoto. Kila mara kushoto. Jana nimehesabu: majaribio 30, mara 26 nimetua kushoto. Mtu wa hesabu siwezi kuiita hiyo bahati mbaya.

Mdogo wangu ananifundisha kwa simu ya video, na somo lake lote ni neno moja: "Legea, dada, legea." Nilegee vipi na miguu inatetemeka? Upande wa ndani wa mguu wa kulia, pale panapogusa mashine, pamekuwa rangi ya zambarau, usiku shuka ikipagusa naruka. Mlinzi wa shule naye kila jioni ananiuliza kama lile tairi la pili limeibiwa.

Navaa helmeti ya bodaboda ya shemeji, na dera nimelifunga kiunoni. Tatizo ni mimi, ni umri, au ni mashine? Na likizo nilifikiri kulipeleka kwa mama Lushoto, nimwonyeshe.

Mtoto wa Kisauni (Mombasa)

Dadangu pole sana, lakini uza hilo tairi ununue boda. Boda haikuulizi unaegemea wapi.

Bi Mkunazini (Unguja)

Mwalimu, mimi hilo gurudumu silijui, mie napanda Vespa. Ila dera nalijua. Fundo la kiunoni hufunguka pale unapoanguka, na pindo likishaingia kwenye tairi hutaulizwa kama ulikuwa mwepesi au mzito. Vaa suruali, dera livae ukishafika.

Fundi Selo (Kinondoni)

Mwalimu, shikamoo. Natengeneza betri za pikipiki za umeme hapa Dar, na gurudumu kama lako ninalo huu mwaka wa tatu. Umri sio tatizo. Mashine nayo sidhani.

Naanza na kijana. Anasimama upande gani anapokushika mkono? Nabashiri kushoto. Ukimshika, uzito wako unamwegemea yeye bila wewe kujua. Akiachia, mwili bado unamtafuta palepale alipokuwa. Baiskeli ulijifunza mtu ameshika kiti kwa nyuma, ndiyo maana unaona na hapa lazima awepo mtu. Mpe simu akae pembeni akurekodi, atakusaidia zaidi hivyo.

La pili, ujue mashine inakufanyia kazi gani na ipi haifanyi. Ndani kuna jairoskopu inayopima umeinama mbele au nyuma kiasi gani, halafu mota inakimbiza tairi lije chini ya uzito wako. Ukiinama mbele linaongeza mwendo, ukirudisha uzito nyuma linafunga breki. Basi, imeishia hapo. Kushoto na kulia haina habari, hiyo kazi ni yako, sawasawa na baiskeli. Sasa niambie, baiskeli ukiiendesha polepole kuliko mtu anayetembea inafanyaje? Inayumba. Zile mita tatu zako unazienda kwa mwendo wa kinyonga kwa sababu unaogopa, na kwa mwendo huo hata mimi nayumba. Tafuta mwendo wa mchakamchaka. Najua inaonekana kama nakupoteza, lakini ukikimbia kidogo linasimama lenyewe wima.

Mguu kuwa zambarau ni dalili ya hofu. Unaibana mashine kwa mguu mmoja ili isikukimbie, na ukibana upande mmoja unailaza, ikilala inakata kona. Kwa hiyo lile "legea" la mdogo wako ni kweli, ila hakukwambia ulegeze wapi. Kunja magoti kidogo, yawe kama ya mtu anayetaka kukaa halafu akaghairi. Kata kipande cha godoro, kifunge ubavuni mwa mashine kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Mguu utapona na plastiki haitachubuka.

Zoezi langu ni hili, nami nilifundishwa na mtu. Mguu unaouamini uweke kwenye pedeli, kifundo kikae usawa wa katikati ya tairi, sio mbele sana. Ilaze mashine kidogo iegemee mguu huohuo. Mguu mwingine uko chini. Sukuma kama mtoto mwenye skuta: sukuma, telea mita moja, shuka. Mguu wa pili usiupandishe kabisa. Nenda hivyo uwanja mzima, rudi, mpaka uchoke. Siku mguu wa chini utaweza kubaki hewani ukahesabu moja, mbili, tatu bila kushtuka, ndipo uupandishe. Ukishaupandisha usiuangalie umekaaje, hata kama kisigino kimening'inia nje. Macho kwenye goli la netiboli la upande wa pili. Unapoangalia ndipo unapokwenda, na wewe naamini unaangalia chini.

Funga mkanda kwenye mpini wake uushike legelege, ukiruka mashine isikimbilie ukutani. Usiuzungushie mkononi.

Halafu upepo. Miezi miwili baharini tairi limelegea. Tairi legevu linafuata mwinamo wa sakafu, na zege la uwanja siku zote lina mwinamo kidogo wa kutolea maji. Nenda kwa fundi pancha ajaze psi 35 hivi, halafu uniambie mwinamo wa uwanja wenu uko upande gani.

Lushoto subiri. Kwanza ile barabara ya kutoka Mombo ina kona ambazo hata dereva wa basi anazipigia honi. Pili, hili gurudumu likifunga breki linarudisha umeme kwenye betri. Ukianza kuteremka mlima na chaji imejaa pomoni, umeme hauna pa kwenda. Litapiga kelele, pedeli zitainuka mbele kukuzuia, na ukibishana nalo linaweza kuzima. Likizima wewe unaendelea mbele bila lenyewe. Kelele zake ziheshimu hata huku tambarare: likilia, punguza mwendo hapohapo, hasa chaji ikiwa chini, maana nguvu ya mota nayo inakuwa imepungua.

Dakika 15 kwa siku zinatosha, sio saa nzima. Kesho yake utakuta mwili umejua kitu ambacho jana haukukijua.

Mama Hesabu (Tanga)

Marahaba fundi. Anasimama kushoto. Umejuaje?

Mzamiaji (Hamburg)

Kwa sababu mkono wa kulia mwalimu ameshika chaki, hahaha.

Mwalimu, naongeza jambo moja tu ambalo fundi kalisahau: mikono. Helmeti unayo, sawa, lakini kwa gurudumu hili unaanguka mbele, na binadamu akianguka mbele anatanguliza viganja. Mimi wiki ya pili nilikuwa nimeshaanza kujiona, nikapiga picha ya kuwatumia nyumbani, nikageuka kumwangalia mpiga picha. Sikuwa hata na kasi. Kifundo cha mkono kilivunjika, wiki sita na plasta, na kazi yangu ni ya kupanga mizigo. Mke wangu alinifunga kamba za viatu mwezi na nusu na hakuacha kuzungumza hata siku moja.

Tafuta vile vikinga mikono vya watoto wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, vyenye plastiki ngumu kwenye kiganja. Kwenye mitumba huwa vinatupwa pamoja na viatu vya michezo, wauzaji wengi hawajui ni vya nini. Na vya magoti ukiviona chukua.

Nakuonea wivu na uwanja wako, kwa kweli. Hapa Ujerumani skuta ya umeme yenye usukani ina kibali, lakini gurudumu lisilo na usukani haliruhusiwi barabarani, kwa hiyo mimi naendeshea kwenye ua wa karakana ya rafiki yangu, nazunguka mapipa ya mafuta kama ng'ombe wa kukamua ufuta.

Fundi Selo (Kinondoni)

Kweli mkuu, mikono nilisahau. Mimi nina kovu na bado nikasahau.

Mama Hesabu (Tanga)

Wakuu, narudi na ripoti. Zimepita siku 12.

Upepo: fundi pancha wa pale kona kapima, ulikuwa 18. Kajaza 35, kakataa hela, kataka nimwonyeshe linavyotembea. Nikamwambia arudi mwezi ujao. Mwinamo wa uwanja: nimeweka maji kwenye kikombe nikamwaga katikati, yamekwenda kushoto kwangu ninapoelekea lango. Kwa hiyo nilikuwa na kijana kushoto, mwinamo kushoto na tairi legevu. Zile mara 26 sasa nazielewa.

Vikinga mikono nimevipata kwenye mitumba, elfu tatu, vya rangi ya waridi vina picha ya farasi. Vinanibana lakini vinafunga. Dera limebaki kwenye mkoba.

Siku nne nilisukuma tu kama mtoto wa skuta. Mlinzi akadhani nimeharibikiwa. Siku ya tano mguu wa kushoto ulibaki juu, sikuhesabu moja mbili tatu, nilisahau kuhesabu, nikaupandisha. Goli la netiboli likaanza kuja. Sikujua la kufanya lilipokaribia, nikalikumbatia. Mashine ikabaki imelala pembeni inalia. Mwanangu hakurekodi, anasema alikuwa anajibu meseji, na hilo tutalimaliza nyumbani.

Tangu hapo naenda uwanja mzima, mara nyingine mara tatu bila kushuka. Kukata kona kulia naweza, kushoto (jamani!) ndiyo sasa siwezi. Nyayo zinakufa ganzi baada ya dakika 10 hivi. Jana nilitoka nje ya lango kwa mara ya kwanza, barabara ya vumbi iliyoshindiliwa, mita 200 mpaka kwenye mwembe. Watoto wa chekechea walinifuata wakiimba, na mmoja aliuliza kwa sauti kama mwalimu ana betri mgongoni.

Swali langu la sasa: kati ya nyumbani na shule kuna matuta manne. Napitaje?

Fundi Selo (Kinondoni)

Hongera sana mwalimu! Ganzi ni kwa sababu unakaza vidole kushikilia pedeli, itapungua, na ukipumzika shuka utembee kidogo. Kona ya kushoto, anza kwa kugeuza kichwa na mabega kwanza, miguu ifuate yenyewe.

Tuta: baadaye utalipita ukiwa umekunja magoti, mwendo wa chini lakini usiokufa, ukiliacha gurudumu lipande na kushuka chini yako bila wewe kuruka nalo. Kwa sasa usijaribu. Shuka, libebe, panda upande wa pili.

Mama Hesabu (Tanga)

Kilo 14, matuta manne, kwenda na kurudi?

Fundi Selo (Kinondoni)

Mara nane. Lina mpini, mwalimu.