Wajukuu wa Babu Muheza

IJUMAA

Hamisi, 1:10 asubuhi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Babu kaamka salama. Dozi ya saa 4 usiku ilimshika vizuri, kalala hadi adhana ya alfajiri. Nimemsaidia kutayamamu, kaswali palepale kitandani kwa kuashiria.

Zuhura, 1:14
Waaleikum salaam. Alhamdulillahi. Mkojo je?

Hamisi, 1:15
Mfuko umejaa nusu. Umekolea rangi kidogo, leo nitamkazania maji. Mpira hauvuji.

Salma (Muscat), 1:31
Mungu awalipe. Nimetuma chochote kwenye namba ya Zuhura, na ya kutolea nimeweka. Ya pedi na sabuni itoke hapo, msimsumbue Shangazi.

Zuhura, 1:33
Imefika dada. Ahsante sana.

Athumani (Dar), 1:50
Jamani nina swali, msinielewe vibaya. Hiyo dawa ya maji anayopewa Babu nimeambiwa ni morfini. Si ndiyo jamii ya yale madawa? Huku mtaani kwetu nawaona vijana wanavyosinzia barazani. Sitaki Babu wetu aishie hivyo uzeeni.

Jumaa, 1:52
Hata mimi nilikuwa nataka kuuliza, nikaona aibu.

Rehema (Korogwe), 2:20
Nilikuwa nakabidhi zamu wodini, sasa nimetoka. Athumani umeuliza vizuri, bora kuuliza hapa kuliko kunung'unika pembeni.

Ndiyo, ni morfini. Inaandikwa na daktari na kila chupa ina hesabu yake. Mtu anayeinywa kwa sababu ya maumivu, kwa kipimo alichopangiwa, hatafuti kulewa. Saratani ya tezi dume ya Babu imeshaingia kwenye mifupa ya kiuno na uti wa mgongo. Maumivu ya mfupa ulioingiliwa na saratani panado haiyawezi, wala zile sindano za duka la dawa. Mwanzoni alisinzia sana na kutapika kidogo, mkaogopa, lakini si mmeona ilivyopita yenyewe? Kisichopita ni kufunga choo. Ndiyo maana vidonge vya kulainisha choo haviachwi hata siku moja, hata akisema leo tumbo liko sawa.

Rehema, 2:24
La pili, na hili naomba kila mwenye zamu alishike. Dawa hii inakwenda na saa, haingoji maumivu. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku anapewa mara mbili ya kipimo ili asiamshwe saa 8 usiku. Mkisubiri mpaka aanze kuguna, mtayakimbiza maumivu mchana kutwa. Yakimchomoza katikati ya saa, anapewa dozi moja ya ziada na inaandikwa kwenye daftari. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu, akija, hilo daftari ndilo la kwanza kuliomba, kwa sababu ndilo litakalomwonyesha kama kipimo kipandishwe.

Athumani, 2:29
Na haitamwahisha?

Rehema, 2:31
Hapana kaka. Ikitolewa hivi, kwa kipimo na kwa kupandishwa taratibu, haimwahishi. Ugonjwa ndio unaomchukua Babu wetu, na hilo tuliambiwa wazi. Dawa inamfanya aweze kuongea na sisi wakati yupo.

Athumani, 2:33
Nimekuelewa Rehema. Roho imetulia.

Jumaa, 2:40
Basi na mimi niseme. Kuna mzee mmoja kule Amani anakanda mgongo, watu wanamsifia sana. Nilitaka nimpakie kwenye pikipiki Jumapili aje amkande Babu.

Rehema, 2:42
Jumaa, tafadhali sana, asikandwe. Mifupa ile ni dhaifu, inaweza kuvunjika kwa kubanwa tu. Mpake mafuta ya nazi kwa kiganja, taratibu, mikononi na miguuni, bila kukandamiza. Na siku mkiona miguu imekufa ganzi au kaishiwa nguvu ghafla, nipigieni saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.

Jumaa, 2:43
Sawa dada. Mafuta nitapitia sokoni.

Zuhura, 2:50
Zamu zibaki kama zilivyo. Hamisi na Jumaa kuogesha na kubadilisha. Shangazi anapika, anafua, anakesha, lakini mwili wa baba yake hawezi kuufunua, na Babu mwenyewe hataki. Bibi magoti yamemshinda. Mimi nashika dawa, daftari na chakula. Kugeuzwa kila baada ya saa 2, yeyote aliyepo. Pale kwenye tako la kushoto pameanza wekundu, asilalie upande huo.

JUMAMOSI

Zuhura, 10:35 jioni
Wapendwa, leo nina maneno marefu kidogo, mvumilie.

Baada ya dozi ya saa 8 Babu alichangamka. Kaniita kama kawaida yake, "Mke mdogo, njoo na kalamu." Nikadhani utani. Kumbe kalamu kweli anaitaka. Kaniambia niandike anaowadai na wanaomdai, maana hataki kuondoka na deni la mtu shingoni. Mwenye duka la pembejeo anamdai 80,000 za mbolea ya msimu uliopita. Kuna 15,000 ya fundi baiskeli ambayo fundi mwenyewe nadhani ameshaisahau. Wanaomdai... samahani, anaowadai yeye ni wawili, mmoja kaniambia nimfute kabisa, "yule ana watoto wengi."

Zuhura, 10:41
Halafu kanyamaza kidogo, kasema, "Kaniitie jirani wa juu." Mnaijua ile michungwa mitatu ya mpakani, ile ambayo tangu tuko wadogo tunakatazwa kuchuma mbele ya jirani? Jirani kaja, kakaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Babu kamwambia, "Ile miti niliipanda wakati nimetoka kwenye mkonge, nikiwa kijana na kiburi changu. Miwili iko kwako na nilijua. Naomba radhi." Yule mzee kavua kofia, kaishika mapajani muda mrefu anaizungusha. Kasema, "Nimekusamehe, na wewe nisamehe nilivyokusema msikitini." Wameshikana mikono. Mimi nilishindwa kukaa, nikatoka nikasingizia uji.

Salma, 10:44
Nalia huku kazini Zuhura 😭

Hamisi, 10:45
Nilimkuta jirani njiani anafuta macho, sikujua kuna nini.

Athumani, 10:52
Deni la mbolea nalilipa mimi leo hii. Nipeni namba ya mwenye duka.

Salma, 10:53
La fundi ni langu.

Zuhura, 10:58
Na kasema jambo moja la mwisho. Shamba lisiuzwe kwa ajili ya kumtibu. Kayarudia mara mbili, kaniambia niandike na nimsomee niliyoandika. Nimemsomea. Kasema hapo hapo.

Rehema, 11:20
Hayo ya shamba tusiyakalie. Bamkubwa kanipigia mchana. Jumanne anataka kuleta gari amchukue Babu hadi Dar, kisha taratibu za India.

Jumaa, 11:21
Mungu wangu. Babu hata kwenye godoro akigeuzwa anauma meno.

Athumani, 11:26
Nani atamwambia Bamkubwa? Sisi ni watoto kwake.

Zuhura, 11:34
Hatumwambii sisi. Tumweke humu asome mwenyewe yote ya tangu jana, halafu aongee na Babu. Babu ndiye mwenye mwili wake.

Rehema amemwongeza Bamkubwa

Rehema, 11:40
Shikamoo Bamkubwa. Karibu. Hapa ndipo tunapopanga zamu za Babu. Nimekutumia na yaliyoandikwa tangu jana, tunaomba uyasome kwa nafasi yako.

JUMAPILI

Bamkubwa, 2:05 asubuhi
Marahaba wanangu. Nimesoma yote. Kwanza nawashukuru kwa kumlea Mzee, Mungu atawaona. Pili, mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Siwezi kukaa huku Arusha nikijua baba yangu amelala nyumbani anapewa ya kutuliza tu, kama mtu aliyekatiwa tamaa. Gari limeshapatikana. India kuna madaktari. Ikiwa ni fedha, shamba la bondeni lipo, na mali hutafutwa kwa ajili ya siku kama hizi.

Zuhura, 2:19
Shikamoo Bamkubwa. Naomba niseme kwa adabu zote. Mwaka jana tulimpeleka hospitali ya saratani ya Ocean Road, akapigwa mionzi ya mifupa, ikamsaidia sana, akarudi akatembea hadi msikitini. Akachomwa na sindano za homoni. Ugonjwa ulipozidi, madaktari walewale ndio waliotukalisha chini wakatuambia kilichobaki ni kumtunza asiumie, na nyumbani ndipo pazuri. Si kwamba tumekaa tu.

Hamisi, 2:24
Shikamoo Bamkubwa. Mwezi uliopita tulimpeleka Tanga mjini kubadilishwa mpira wa mkojo. Ni mwendo mfupi tu, na dereva alikwenda polepole. Kila tuta alikuwa ananishika mkono. Tulipofika alilia, Bamkubwa. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona Babu akilia. Tangu siku hiyo muuguzi anakuja kuubadilisha hapa hapa.

Rehema, 2:30
Na kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 300, Segera mpaka Chalinze ndipo uingie mjini. Bamkubwa, Babu hajakatiwa tamaa. Kila siku anatibiwa: maumivu, choo, ngozi, kinywa, hofu yake ya usiku. Kingekuwepo kitu India cha kumrudishia mifupa, mimi ningekuwa wa kwanza kushika chupa ya maji garini.

Bamkubwa, 2:33
Na chakula? Nasikia hali. Mnamwacha tu na njaa?

Rehema, 2:38
Hapana. Anapewa anachotaka, kijiko kwa kijiko: uji mwepesi, maji ya dafu, chungwa lililokamuliwa. Akifunga mdomo tunaacha. Mwili wake sasa hauwezi kukitumia chakula kama zamani, na akilazimishwa kitampalia. Midomo ikikauka tunaipangusa kwa kitambaa laini chenye maji.

Hamisi, 2:44
Bamkubwa, Babu kasikia tunakutaja. Anasema umpigie sasa hivi, kabla hajasinzia. Simu nimemshikia sikioni mimi.

Bamkubwa, 3:29
Nimeongea na Mzee. Sauti imekwisha ila kichwa chake ni kilekile. Kanisemesha mambo ya mwaka 1984 ambayo mimi mwenyewe niliyasahau. Kasema mchungwa hata mmoja usiuzwe kwa ajili yake, ni wa mama na wa dada yangu. Kaniuliza, "Unakuja kuniona au kunichukua?" Nimekaa kimya, kauliza tena. Nimemwambia nakuja kukuona, baba.

Bamkubwa, 3:31
Gari litakuja Jumanne kama nilivyosema. Nitakuwemo mimi na mama yenu mkubwa, na tutakaa. Nipangieni zamu na mimi. Na hiyo dawa nifundishwe kuipima, nisije nikawa mgeni mbele ya baba yangu.

Zuhura, 3:33
Ahsante Bamkubwa. Ahsante sana.

Hamisi, 3:36
Chukua usiku Bamkubwa, ukimwezesha Shangazi kulala itakuwa umetusaidia wote. Kugeuza nitakuonyesha, kuna namna ya kutumia shuka, mnakuwa wawili, havutwi mkono wala bega.

Rehema, 3:40
Jumatano nina mapumziko, nitakuja tuipime pamoja. Bamkubwa, huko Arusha ulizia maduka ya vifaa vya hospitali godoro la hewa la wagonjwa, hili la sponji limeshabonyea. Na pedi za watu wazima, saizi kubwa, pakiti mbili.

Bamkubwa, 3:42
Nitazunguka kesho asubuhi. Mkumbuke lingine lolote niambieni kabla ya jioni.

Salma, 3:50
Shikamoo Bamkubwa. Jumatano naomba mniunganishe kwa video saa 10 jioni ya huko, huku itakuwa saa 11, nitakuwa nimemaliza kazi. Mumwinue kidogo na mto, mara ya mwisho niliona dari tu.

Jumaa, 3:52
Nitaishika simu mimi dada. Mafuta ya nazi nimeshayapata, niko njiani.