Bastola ndogo ya mfukoni kwa kubeba kila siku, Texas: LCP MAX, Bodyguard 2.0 au P365?

Mzee wa Dagaa
Habari za leo wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Niko Fort Worth, nina grini kadi, na nina kiduka cha vyakula vya kwetu: dagaa, unga, mawese, mchele. Nafunga mwenyewe usiku, na mauzo ya siku ninayo mkononi mpaka nifike kwenye gari. Hivi karibuni jirani yangu wa duka la simu aliwekewa bastola kichwani kwenye maegesho hayohayo. Mungu saidia alitoka mzima, lakini tangu siku hiyo mke wangu halali mpaka nirudi.

Nimeamua kubeba. JKT nilishika SMG, bastola sijawahi kumiliki. Nataka kitu kinachoingia mfuko wa mbele wa suruali ya kadeti, maana joto la hapa mnalijua, koti halivaliki kuanzia Mei. Dukani nimeshika Ruger LCP MAX, Smith & Wesson Bodyguard 2.0 na SIG P365. Mbili za kwanza zinatumia risasi za .380, ya tatu za 9mm. Je, .380 inatosha? Na nina watoto wawili wadogo nyumbani, nalo nalifikiria sana.

Shabaha_Houston
Pole kwa jirani, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Mimi hufundisha watu kulenga wikendi, kwa hiyo nivumilie nikienda kwa kirefu.

Bastola kadiri inavyopungua ndivyo inavyobebeka, na ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kulenga. LCP MAX bila risasi ni kama gramu 300. Bodyguard 2.0 ni kama 280. P365 inafika gramu 500. Ukizisoma hizo namba unaona P365 ni mzigo, lakini ukifyatua ndipo unaelewa uzito una kazi gani: ndio unaomeza teke la bastola kurudi nyuma. Watu wengi ninaowafundisha wanasema .380 ya gramu 300 inawapiga kiganja kwa ukali kuliko 9mm ya P365, ingawa risasi yake ni dhaifu. Ongeza kwamba mpini ni mfupi na kidole cha mwisho hakina pa kushika. Anayeanza na bastola ya aina hiyo huanza kufumba macho kabla ya mlio, na tabia hiyo ikishaingia kuitoa ni kazi.

Kuhusu .380. Ni risasi ya zamani, aliibuni John Browning na ikaingia sokoni mwaka 1908 na bastola ya Colt. Kipenyo chake ni kilekile cha 9mm, ila ganda ni fupi, milimita 17 badala ya 19, kwa hiyo baruti ni kidogo. FBI wao wanataka risasi ipenye kati ya sentimita 30 na 46 kwenye jelatini ya majaribio. 9mm nzuri inafika hapo na kichwa kinapanuka. .380 ikitoka kwenye mtutu wa inchi 2.75 mara nyingi inakulazimisha uchague: risasi zenye tundu kichwani zikipanuka huishia njiani, zisipopanuka zinapenya. Ndiyo maana wabebaji wengi wa .380 wanaweka risasi za kichwa kizima, bapa kwa mbele. Inaua? Ndiyo, inaua, asikudanganye mtu. Lakini inadai ulenge vizuri zaidi, tena kwa bastola inayolengeka kwa taabu.

Usinunue bado. Viwanja vingi vya shabaha hapa Texas vinakodisha. Zikodi zote tatu siku moja, simama mita sita au saba, weka karatasi ya kawaida ya kuandikia, piga magazini nzima kwa kila moja bila haraka. Utakachokiona kwenye karatasi ndicho jibu.

BintiTanga_Austin
Kaka, mimi nabeba .380 mfukoni na naipenda, kwa hiyo niitetee kidogo. Nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani na nguo zetu za kazi hazina mkanda. Bastola ya kiunoni kwangu haiwezekani kabisa. Bastola inayobaki kwenye droo kwa sababu ni nzito haikusaidii chochote pale kwenye maegesho.

Ila mfukoni kuna sharti moja ambalo silegezi: lazima iwe ndani ya holsta yake ya mfukoni, yaani ala ya kubebea bastola, ile inayofunika kifyatulio chote, na mfuko huo usiwe na kitu kingine. Si funguo, si sarafu, si peremende za watoto. LCP ya kwanza ya mwaka 2008 ilikuwa na kifyatulio kirefu na kizito. Hii MAX iliyotoka 2021 kifyatulio chake ni kifupi na chepesi zaidi. Ni kizuri kwa kulenga, lakini ufunguo ukiingia pale, unajipiga paja. Bodyguard 2.0 inauzwa yenye swichi ya usalama au isiyo nayo. Kama unachagua yenye swichi, fanya mazoezi ya kuishusha mpaka kidole kifanye bila kukuuliza.

Na mfuko unakusanya vumbi na nyuzi za nguo. Isafishe kila mara, hata kama hujafyatua.

Kama shemeji naye ataitumia, mwache aikoki yeye mwenyewe dukani. Bastola ndogo nyingi zina springi ngumu. Kuna Shield EZ ya Smith & Wesson iliyotengenezwa kwa ajili ya mikono isiyo na nguvu, ila ni kubwa, si ya mfukoni.

Mzee_Kigamboni
Vijana wangu, naingia kwa heshima. Wewe mwenye duka, kwa nini pesa unatembea nazo usiku? Peleka benki mchana, wakati watu wapo, na ubadilishe saa kila siku. Weka taa kwenye maegesho, omba mwenye jengo aweke kamera. Mtu akikuwekea bastola kichwani tayari, hiyo ya mfukoni haitoki. Mpe mfuko wa pesa aende. Dagaa utauza tena kesho.

Sisemi usibebe. Nasema bastola isije ikakupa ujasiri wa kubishana kwa ajili ya dola mia nane.

Mzee wa Dagaa
Shikamoo mzee, nimekusikia. Suala la benki nalibadilisha wiki hii, na mwenye jengo nimeshamwandikia kuhusu taa. Lakini duka bado nitalifunga mimi, na njia ya kwenda kwenye gari ni ileile.

Swali kwa wote: vipi rivolva ndogo? Muuzaji alinionyesha ile Smith & Wesson 642 ya risasi tano.

Shabaha_Houston
642 ni rivolva ya heshima. Haina nyundo ya nje ya kunasa kwenye kitambaa, na kifyatulio chake ni kizito kiasi cha kunituliza moyo ikiwa mfukoni. Unaweza hata kuifyatua ikiwa bado mfukoni bila kukwama, jambo ambalo bastola ya magazini haikuhakikishii. Lakini ni risasi tano, kujaza tena ni polepole, na kwa anayeanza ni ngumu kulenga kuliko zote ulizotaja. Nimeona watu wenye mikono ya fundi seremala wakitawanya risasi karatasi nzima kwa 642. Ikodi nayo, usinisikilize mimi tu.

Mwanasheria_DFW
Mmezungumza chuma, sasa sheria, maana kwa sisi wahamiaji kosa la bunduki halifanani na la mwenyeji. Mwenyeji anatumikia adhabu anarudi nyumbani. Wewe mwenye grini kadi, hukumu ya kosa la silaha inaweza kukuondoa nchini, hata kama jaji alikupa faini tu.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua. Dukani utajaza fomu 4473 na utapitishwa kwenye ukaguzi wa FBI. Jaza kweli tupu, uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai la shirikisho. Mwenye viza ya mwanafunzi au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo yule mpwa anayekuja kusoma, usimpeleke uwanja wa shabaha kabla ya kuuliza wakili. Asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mke au mume, hata kosa dogo, haruhusiwi. Na anayevuta bangi naye yumo, hata kama anaishi jimbo lililoihalalisha, kwa sababu shirikisho halijaihalalisha.

Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas inaruhusu mtu wa miaka 21 asiye na kizuizi kubeba bastola bila leseni. Hata hivyo, nakusihi uchukue leseni. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule, na mwenye leseni ya jimbo anasamehewa ndani ya jimbo hilo. Asiye na leseni hasamehewi. Sasa piga picha njia yako ya kutoka dukani kwenda nyumbani, uhesabu shule unazopita.

Jifunze mabango ya milangoni, yenye namba za vifungu vya sheria ya Texas. 30.05 linamzuia asiye na leseni, 30.06 linamzuia mwenye leseni anayeficha silaha. Bango lenye 51% kwa rangi nyekundu kwenye baa linamaanisha usiingie nayo kabisa. Polisi akikusimamisha na kukuomba kitambulisho, na una leseni na silaha mwilini, unatakiwa kuonyesha leseni hiyo pia. Mikono kwenye usukani, sema kwa sauti iko wapi, usiipapase.

Na ukienda harusini au msibani Baltimore, iache nyumbani. Maryland haitambui leseni ya jimbo jingine lolote. Safari ya Dar au Nairobi ndiyo usifikirie kabisa: kule silaha ina leseni yake, na ya Texas si kitu uwanjani.

Kuhusu watoto: Texas ina sheria inayomwadhibu anayeacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Nunua kisanduku cha chuma cha kufuli siku hiyohiyo unayonunua bastola, na kiwe mahali unapovulia viatu. Bastola ikitoka mwilini inaingia humo, haipiti juu ya friji wala chini ya mto.

Bukavu_Dallas
Asante sana mwanasheria. Na mimi nilikuja kama mkimbizi, grini kadi haijafika bado. Niko kwa kundi gani?

Mwanasheria_DFW
Ndugu, mkimbizi aliyepokelewa kihalali hakuingia kwa viza ya muda, kwa hiyo kizuizi kile cha wenye viza hakikuhusu. Lakini muuzaji atataka namba yako ya uhamiaji na kitambulisho chenye anwani ya Texas. Kabla ya kutoa pesa, keti na wakili wa uhamiaji mwangalie makaratasi yako yote.

Mzee wa Dagaa
Wakuu, nimerudi. Nimezikodi zote nne. LCP MAX na Bodyguard zinaingia mfukoni kama pochi, lakini risasi zangu zilitawanyika, na kuelekea mwisho wa magazini mkono ulikuwa unakwepa. 642 sikuiweza. P365 karibu zote zilikaa katikati ya karatasi. Mke wangu naye aliipiga vizuri.

Tatizo ni kwamba mfukoni P365 inatuna, mtu anaiona. Nafikiria kuivaa kiunoni ndani ya suruali, mashati yangu ya dukani naachia nje hata hivyo. Darasa la leseni nimeshalipia. Kisanduku kimeshafika. Niambieni cha kuangalia kwenye holsta ya kiunoni.

Shabaha_Houston
Holsta ya plastiki ngumu, iliyotengenezwa kwa ajili ya P365 hasa, si ile ya kitambaa inayodai kutosha bastola zote. Ifunike kifyatulio chote, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikitoka. Nunua na mkanda mgumu, mkanda laini wa ofisini unalegea na mpini unatokeza. Kuchomoa fanya mazoezi nyumbani, bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine. Kurudisha usiwe na haraka hata siku moja: vuta shati juu kabisa, angalia kwa macho, kidole nje. Ncha ya shati ikiingia kwenye kifyatulio inafyatua kama kidole.

BintiTanga_Austin
Na kabla ya kuiamini, ipige risasi mia mbili hivi, pamoja na magazini moja au mbili za zile utakazobeba kweli. Ikikwama, irudishe ikaangaliwe kwanza.