MJADALA: Filamu ya saa mbili au sizoni fupi, ipi inakuweka roho juu?

Mshika Rimoti
Wakuu salaam. Msimamo wangu ni kwamba filamu ya taharuki ya saa mbili imeshapitwa. Wiki hii nimerudia sizoni ya Chernobyl ya 2019, vipindi vitano tu. Dunia nzima inajua ule mtambo wa nyuklia ulilipuka 1986, hakuna siri pale, ila wale wanajeshi walivyopanda juu ya paa kusukuma vipande vya grafiti vyenye mionzi, kila mmoja sekunde 90 basi, nilikuwa nimekumbatia mto kama mtoto. Filamu haina muda wa kukufanya umzoee mtu kabla haijamtia hatarini. Karibuni, ila naomba wachangie wanaoangalia orijino, sio hizi za kutafsiriwa ambazo jamaa anaongea mwanzo mwisho, kule hakuna taharuki ni kelele tu.

Binti Ngamiani
Hiyo sentensi ya mwisho ulikuwa na haja gani nayo? Mama yangu kasoma mpaka la nne, Kiingereza hajui, na hizo za kutafsiriwa ndo kaangalia nazo kila kitu. Siku tunaangalia ile sizoni inayoitwa 24 tumekaa naye mpaka saa nane usiku, kila saa ikipiga ile ti ti ti anashika kifua. Sasa yeye hakupata taharuki?

Kibanda Umiza
Mwambie dada! Sisi tumekua na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, banda limejaa mpaka wengine wanachungulia dirishani na ukikohoa unatolewa nje. Leo mtu ana kifurushi cha mwezi ndo anatufundisha kuogopa.

Mshika Rimoti
Sijamtukana mama wa mtu. Nasema hivi, pale juu ya paa kinachotisha ni kile kifaa cha kupima mionzi kinavyotatarika. Yule mama wa Iceland aliyetengeneza muziki wa Chernobyl alienda mpaka kwenye kinu cha nyuklia Lithuania kurekodi milango na mitambo. Sasa DJ wa kutafsiri akiongea juu yake umebaki na nini?

Wa Eastlands
Buda wacha. Huku kwetu Kenya DJ Afro, msimulizi wa filamu, amefanya watu wapende filamu ambazo hata walioziigiza wamezisahau. Na Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za taharuki, si ndiye alisema ukificha bomu chini ya meza likilipuka ghafla watu watashtuka sekunde 15, lakini ukiwaonyesha mapema watakuwa na wasiwasi dakika 15? Sasa DJ akikuambia "huyu hatoki humo ndani" si amekuonyesha bomu?

Kibanda Umiza
HAPO SASA. Jibu hilo.

Mshika Rimoti
Bomu anaonyesha mwongozaji, kwa wakati anaoutaka yeye. DJ anakuonyesha kwa sababu filamu alishaiangalia jana.

Wa Eastlands
Na filamu yake Psycho ya 1960? Hitchcock mwenyewe alitaka ile ya kuuawa bafuni iwe bila muziki, mtunzi wake wa muziki Herrmann akaweka violini zake na mzee akakubali amekosea. Kwa hiyo kuongeza sauti si dhambi.

Mshika Rimoti
Herrmann aliweka violini, hakuweka mtu wa kusema "oneni sasa anachomwa kisu"!

Mzee wa Saa Tatu
Vijana, mada ilikuwa filamu na sizoni. Mimi niko upande wa filamu. Rear Window ya 1954, mtu kavunjika mguu, yuko kwenye kiti cha magurudumu, anachungulia majirani dirishani, karibu filamu nzima hatoki chumbani kwake, na haifiki hata saa mbili. Sizoni nyingi zina vipindi viwili vya katikati vya watu kuendesha magari na kutazama mvua.

Binti Ngamiani
Shikamoo mzee. Hapo kwenye vipindi vya katikati nakubali kabisa, ila ile Adolescence ya Uingereza ya 2025 ina vinne tu na kila kimoja kimepigwa bila kukata kamera, hakuna pa kupumulia. Na aliyeua unamjua kipindi cha kwanza tu.

Kibanda Umiza
Dada!! Mimi nilikuwa naianza Jumamosi hii jamani.

Mzee wa Saa Tatu
Marahaba. Hiyo sijaiona, nitaitafuta.

Mshika Rimoti
Si ndo nilichosema toka juu, sizoni fupi haihitaji hata siri. Na nirekebishe, tatizo langu sio tafsiri, ni kuongea juu ya kimya. Yakiwekwa maandishi ya Kiswahili chini sina neno.

Binti Ngamiani
Mama macho yake hayasomi maandishi madogo yanayokimbia. Ulisema kule hakuna taharuki. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkono wangu kaushika yeye, kucha zimeniingia. Kwa hiyo pale alikuwa anaogopa kelele?

Wa Eastlands
Jibu swali la mama.