Ukoo wa Bibi 🌿: Usiku wa hadithi za gharika

ALHAMISI

Zuhura 19:02
Hamjambo nyote. Jumamosi ndiyo ile, usiku wa hadithi za gharika. Watoto 14. Wakubwa sijui, maana hamjibu. Leo tumalize mambo matatu: hadithi zipi, nani anasimulia ipi, na shuka la kuchezea vivuli liko kwa nani.

Zuhura 19:20
Naona mmesoma watu kumi na moja. Kumi na moja!

Musa 19:21
Tupo dada, tumekimbilia mlimani 😂

Pendo 19:26
Da Zuhura mimi nimeshaandaa ya wadogo, miaka 4 mpaka 6. Dakika nane, zikizidi sana kumi. Safina ya Nuhu. Wanyama wanaingia wawili wawili, watoto wanaitikia. Jozi sita zinatosha, ukifika ya saba wanaanza kugombania nani awe simba. Halafu nakwenda moja kwa moja kwa ndege, maana utamu uko hapo. Njiwa anatoka mara tatu. Ya kwanza anarudi mtupu, ya pili ana jani la mzeituni, ya tatu harudi. Ombi langu moja: mara ya tatu mtu mzima yeyote ASISEME kitu. Mkiwaeleza mmeiua. Ngojeni mpaka mmoja wao aseme mwenyewe kwamba amepata pa kutua.

Zuhura 19:28
Safi sana Pendo. Mmeona? Hivi ndivyo watu wanavyojibu.

Mjomba Idi 19:33
Na kunguru je?

Pendo 19:34
Shikamoo mjomba. Kunguru nimemruka, anawachanganya.

Mjomba Idi 19:41
Marahaba. Usimruke. Kwenye Mwanzo anatangulia yeye, anakwenda na kurudi mpaka maji yakauke. Kwa Wababeli, kibao cha udongo cha 11 cha utenzi wao wa Gilgamesh, mpangilio umegeuka: njiwa anarudi, mbayuwayu anarudi, kunguru wa mwisho anaona maji yamepungua, anakula, harudi. Ndege walewale, kazi ileile. Waambie wale wa miaka 9 na kuendelea halafu waulize wao wangemtuma nani kwanza. Watabishana nusu saa, na wewe unakaa kitako.

Musa 19:42
Mimi ningemtuma Shemeji Daudi. Akitumwa kitu harudi mpaka keshokutwa

Daudi 19:43
😂😂 Nimekusikia

Zuhura 19:44
Musa. Shuka liko kwa nani?

Musa 19:45
Mjomba wape ile ya yule Mwingereza aliyevua nguo

Mjomba Idi 19:52
Haha. George Smith, 1872, Makumbusho ya Uingereza kule London. Alikuwa anasoma vipande vya vibao kutoka Ninawi, akakuta jahazi limekwama mlimani na njiwa anarudi kwa kukosa pa kutua. Inasimuliwa kwamba alirukaruka chumbani akaanza kujivua nguo mbele ya watu. Desemba ya mwaka huohuo akaisoma hadharani, na mwaka uliofuata gazeti moja likamlipia safari ya kwenda kuchimba.

Musa 19:53
Hiyo ndiyo igizwe. Najitolea

Tatu 19:53
Hapana 🙈

Zuhura 19:55
JAMANI. Shuka.

Zuhura 20:10
Nijuavyo mimi liko kwa wifi Salome tangu mwaka ule.

Daudi 20:14
Wakati shuka linatafutwa, niseme ya chombo. Nilitaka kuchora safina uwanjani kwa ukubwa wake. Dhiraa 300 kwa 50, kimo 30. Ukiipa dhiraa sentimita 45 unapata mita 135 kwa 22.5, kimo 13.5. Uwanja hautoshi. Tuishushe moja kwa kumi: 13.5 kwa 2.25, tunazungusha kamba kwenye vigingi vinne. Kamba mita 31 na nusu, na ya kufungia juu yake, sema 33. Kimo kinakuwa mita 1.35, tusimamishe fimbo mbili zenye alama. Watoto 14 wanaingia wote wanakaa.

Mjomba Idi 20:19
Pembeni yake mchore ya Utnapishtim, ndiye Nuhu wa kwenye Gilgamesh. Dhiraa 120 kila upande na kimo chake hivyohivyo, yaani mchemraba, sakafu saba. Wakubwa wataanza kuuliza mchemraba unaeleaje.

Daudi 20:21
Unaelea, ila unazunguka unavyotaka na hauna pa kushika njia. Si kitu, kwa sababu hauendi popote. Wala safina haina usukani wala tanga, kisome tena kile kifungu. Kazi yake ni kutozama tu.

Mjomba Idi 20:24
Basi na ile ya duara. Irving Finkel, mtaalamu wa Makumbusho yaleyale ya Uingereza, alitoa mwaka 2014 kibao chenye mistari 60 ambamo chombo ni kama ungo: eneo la chini mita za mraba 3,600, yaani kipenyo kinakaribia mita 70, kuta mita sita. Kamba iliyosukwa, mbavu za mbao, lami ndani na nje. Walijaribu kuunda mfano mdogo wake India, lami haikushika vizuri, ikabidi wawe na pampu.

Musa 20:25
Nuhu na pampu 😭

Zuhura 20:26
Daudi kamba unayo?

Daudi 20:26
Sina.

Zuhura 20:27
Haya.

Pendo 20:35
Ile ya udongo tusiache. Kila mtoto gramu 200 za udongo wa plastiki. SI udongo wa mfinyanzi, ule unalainika majini na beseni linakuwa tope. Kwanza wanafinyanga tufe, linazama. Halafu bonge lilelile wanalitanua liwe kama bakuli, linaelea.

Daudi 20:40
Naongeza. Gramu 200 zinataka kusukuma mililita 200 za maji ndipo zielee. Bakuli lenye nafasi ya mililita 500, ukihesabu na unene wa udongo, litabeba karibu gramu 300 za kokoto halafu maji yanaingia ukingoni. Linapoharibika ni sehemu mbili. Kona: ukikunja kona kali inapasuka, kwa hiyo wakunje mviringo. Na mzigo: wakirundika kokoto upande mmoja linapinduka kabla halijajaa. Waanze katikati. Na beseni likae mbali na waya wa taa ya vivuli. Mbali, si chini ya meza.

Tatu 20:44
Mimi nina swali. Kwa nini zote gharika? Tuna hadithi ngapi nyingine

Pendo 20:50
Kwa sababu hii hawaichoki, Tatu. Mtoto anapenda kitu kidogo kilichojaa vitu vingi na mlango unaofungwa. Halafu ina maswali yanayojibika: walikula nini, kinyesi kilikwenda wapi, samaki walifanya nini. (Samaki hawakuitwa.) Mtu mzima anapenda hiyohiyo ila anatazama upande wa pili wa mlango.

Mjomba Idi 20:58
Ongezea hapo. Kwenye Gilgamesh, Utnapishtim anawadanganya majirani. Anawaambia mungu Enlil amemchukia, anaondoka kwenda kukaa na mungu mwingine, Ea, na wao watanyeshewa neema, mikate asubuhi na ngano jioni. Wakamsaidia kuunda chombo. Anawachinjia, wanakunywa kama sikukuu ya mwaka mpya. Aliyeziba mlango alikuwa fundi, Puzur-Enlil, na aliuziba akiwa nje. Malipo yake: jumba la Utnapishtim na vyote vilivyomo. Akapewa jumba jioni ile, na gharika ikaja.

Tatu 20:59
Yesu na Maria

Daudi 21:00
Hilo sikuwahi kulitazama hivyo

Musa 21:02
Na sababu ya gharika kwa Wababeli mnaijua? KELELE. Kwenye Atrahasis, utenzi wao mwingine, watu waliongezeka, wakapiga kelele, Enlil akakosa usingizi, akaamua kuwamaliza. Enlil ndiye admini wa kundi hili

Tatu 21:02
😂😂😂😂

Daudi 21:03
Da Zuhura ameanza kukusanya mawingu

Zuhura 21:05
Chekeni. Jumamosi mtakuja hakuna shuka, hakuna kamba, hakuna taa, tutatazamana.

Zuhura 21:06
Na uamuzi wangu: hii ya fundi aliyezibwa nje isisimuliwe. Wala ya watu kuzama. Watoto wapo. Tuweke wanyama, upinde wa mvua, twende kulala.

Salome 21:31
Nimeona jina langu hapa. Shuka nililirudisha siku ileile, na aliyelipokea yumo humu ndani.

Zuhura 21:33
Wifi, lilirudi na rangi.

Salome 21:34
Lilikwenda na rangi.

Musa 21:34
🍿

Tatu 21:35
Tusianze jamani

Salome 21:36
Sijaanza mimi. Hata ile siku sikuanza mimi.

Pendo 21:40
Shuka lolote jeupe linafaa, hata langu. Lisiwe zito, mwanga ukikataa kupita mtaona giza tu. Livutwe likaze, liloweshwe kidogo kama lina mikunjo. Taa moja, balbu ndogo isiyofunikwa na kitambaa, mita mbili nyuma. Karatasi za vivuli zigusane na shuka, ukirudi nyuma sentimita 20 twiga anakuwa wingu.

Pendo 21:42
Na mvua: mchele mkavu kwenye sinia la bati, unainamisha polepole. Ngurumo, karatasi ya bati. Ila kosa la kila mwaka ni mpigaji mvua kumzidi msimulizi. Mvua sekunde kumi, inakoma, ndipo msimulizi aseme. Wasiende pamoja.

Mjomba Idi 21:50
Kwa wale wa miaka 10 na zaidi nashauri ya Wamaya wa Amerika ya Kati, kitabu chao Popol Vuh. Miungu inaunda watu wa mbao wasio na moyo wala kumbukumbu. Gharika inakuja, na kabla hawajaisha vyombo vyao vinawageukia: vyungu, mawe ya kusagia, hata mbwa, kila kimoja kinadai kilivyoteswa. Waliobaki wakawa nyani. Kila mtoto achague chombo na aseme mashtaka yake. Hakuna aliyewahi kulala kwenye hiyo.

Daudi 21:54
Au ya Yu wa China. Baba yake, Gun, alizuia mafuriko kwa kingo, yakamshinda. Yu akachimba mifereji maji yakaenda baharini, miaka 13, na inasemwa alipita mlangoni kwake mara tatu bila kuingia. Sinia la mchanga, upande mmoja umeinuliwa sentimita tano, lita moja ya maji. Kundi moja lijenge ukingo, jingine lichimbe. Ukingo unabomoka wote kwa mara moja, hapo ndipo wanapoelewa kosa la Gun.

Zuhura 21:56
Hizo ni hadithi sita sasa. Zinatosha tatu.

Babu 22:04
Nimesoma tangu juu.

Zuhura 22:04
Shikamoo Babu 🙏

Pendo 22:04
Shikamoo Babu

Musa 22:05
Shikamoo Babu

Babu 22:11
Marahaba. Zuhura umesema waliobaki nje wasitajwe. Mtoto akikuuliza wengine wako wapi, ujue ameshajua. Ukimjibu kwa wimbo wa twiga, hatakuuliza tena, na si habari ya gharika peke yake. Nuhu alimwita mwanawe apande. Mwana akasema mlima utanilinda. Wimbi likapita kati yao. Imo katika Sura Hud, na wala si ndefu. Isomwe. Na anayeisoma asimtukane yule kijana.

Musa 22:12
Ujumbe huu umefutwa

Zuhura 22:24
Sawa Babu.

Mjomba Idi 22:30
Sawa mzee.

Babu 22:31
Na la shuka liishe.

Salome 22:40
Nimesikia Babu.

Pendo 22:52
Basi nieleze tutakavyofanya kwa wadogo, ili lisitoke vibaya. Sentensi tatu tu: baba aliita, mwana alikataa, wimbi likapita. Kivuli cha mwana kisionyeshwe kikizama, kiondolewe kabla ya wimbi. Taa ISIZIMWE hapo, giza ndilo linalowatisha, si maneno. Na tusiseme alizama kwa sababu hakuwa mtiifu, kwa sababu mvua ya wiki ijayo mtoto aliyevunja kikombe hatalala. Akiuliza kwa nini hakupanda, jibu ni kwamba aliamini mlima. Nyamaza sekunde chache, halafu kunguru. Ndiyo mjomba, nimemrudisha.

Mjomba Idi 22:55
👏

Tatu 22:58
Upande wa Mwanzo huyo mwana hayupo lakini. Wote watatu walipanda na wake zao, watu wanane. Watoto wangu watasema Pendo amekosea

Mjomba Idi 23:03
Waambie mapema kwamba hadithi hii ina matoleo mengi, watoto hawasumbuki na hilo hata kidogo. Ya Sura Hud chombo kinatua mlima Judi, ya Mwanzo milima ya Ararati, ya Gilgamesh mlima Nimush. Wa upande wa Mwanzo wape hili: tangu anaambiwa ajenge mpaka maji yanakauka, Nuhu hatamki neno hata moja. Hasemi sawa, haombei mtu. Anayefunga mlango ni Mungu mwenyewe. Kaa na wakubwa baada ya watoto kulala, waulize kwa nini alinyamaza. Mtakesha.

Tatu 23:04
Hilo nalichukua mimi

Zuhura 23:06
Tatu umeandikwa. Pendo wadogo. Mjomba vyombo vinavyoshtaki. Nani anamsoma mwana wa Nuhu?

Zuhura 23:30
Nani?

IJUMAA

Zuhura 06:15
Nani anamsoma mwana wa Nuhu jamani. Na kamba.

Hamisi 11:48
Ndiyo naona leo. Ni Jumamosi hii au ijayo?

Zuhura 11:49
😑

Daudi 13:20
Nimepata kamba mita 20.

Zuhura 13:21
Ulisema 33.

Daudi 13:25
Tushuke moja kwa ishirini. 6.75 kwa 1.125, mzunguko 15.75, inabaki ya kufungia.

Pendo 13:31
Upana mita moja na kidogo, watoto 14? Watakaa mstari mmoja, miguu nje.

Daudi 13:33
Au turudi moja kwa kumi, vigingi vinne, upande mmoja mrefu wazi.

Mjomba Idi 13:34
Safina wazi upande mmoja, Daudi?

Salome 14:02
Kamba ninayo mita 15. Aje mtu aichukue. Asiwe Zuhura.

Musa 14:03
Nakuja mimi wifi. Saa ngapi?