Inchaji wa wodi nataka kusoma masta: uuguzi wa mahututi, afya ya jamii au utawala? Naombeni ushauri

Mama Wawili wa Kimara

Wakuu habari za jioni. Poleni wenzangu mliotoka zamu sasa hivi na miguu imevimba.

Mimi ni muuguzi, miaka 36, mwajiriwa wa serikali kwenye hospitali moja kubwa hapa Dar. Nilianza na diploma, nikajiendeleza hadi digrii, na huu ni mwaka wa nne niko inchaji wa wodi ya upasuaji. Uinchaji wenyewe nilipewa siku dada aliyekuwepo alipohamishwa. Niliitwa ofisini, nikakabidhiwa funguo za kabati la dawa na daftari la rosta, basi. Kuongoza watu nimejifunza kwa kugombana nao.

Kinachonisukuma nisome ni hiki. Wodini kwangu vidonda vya wagonjwa wa upasuaji vinaingia usaha kuliko inavyotakiwa, na nahisi tatizo ni antibaiotiki ya kabla ya upasuaji: kuna wanaopewa mapema mno, kuna wanaopewa wakati kisu kimeshapita. Nikisema kwenye kikao, daktari bingwa ananiuliza, "Sista, ushahidi uko wapi?" Nakaa kimya.

Nimeshaangalia masta ya uuguzi wa mahututi na majeruhi pale MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili), MPH (masta ya afya ya jamii) ya watu walioko kazini hapohapo MUHAS, na utawala wa huduma za afya. Nina watoto wawili, bodi ya mikopo bado inanikata asilimia 15 ya mshahara, na mzee wa nyumbani anasema tutaamua baada ya sikukuu (sikukuu gani, hasemi). Nisome ipi?

Kijana wa Upanga

Dada shikamoo. Niko mwaka wa pili masta ya uuguzi. Hii ni miaka miwili ya kukaa chuoni na wodini kweli, na mwisho kuna tasnifu. Usijidanganye kwamba utafanya zamu za usiku huku unasoma. Nilijaribu muhula wa kwanza, nikasinzia mbele ya mgonjwa, msimamizi akanifukuza nikalale.

Ila inafungua macho. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2014, kwenye nchi 9 za Ulaya, ulionyesha kila wauguzi wenye digrii wanapoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 7. Elimu ya muuguzi inaonekana mpaka kitandani.

Patroni Mstaafu

Kijana, utafiti huo naujua, lakini ni digrii ya kwanza na ni Ulaya, usiutumie kumuuzia mwenzio masta. Tena utafiti huohuo ulisema mzigo wa muuguzi ukiongezeka mgonjwa mmoja, uwezekano wa kifo nao unapanda asilimia 7. Hapo hakuna cheti kitakachokusaidia, labda upate watu wa kujaza rosta.

Mwanangu Mama Wawili, jiulize kwanza unataka kuongoza nini. Ukitaka siku moja ukae ofisi ya matroni (muuguzi mkuu wa hospitali) upange bajeti, ugawe watu, ujibu barua za wizara, soma utawala. Ukitaka kusimama kando ya kitanda na kubadilisha namna kidonda kinavyohudumiwa, soma uuguzi. MPH ni nzuri, lakini wengi niliowaona wakiichukua waliishia kwenye miradi, wodini hawakurudi. Sisemi ni vibaya, mshahara wa mradi una ladha yake.

Dawati la Barua

Nimefanya kazi ya utumishi miaka mingi, niseme jambo ambalo wauguzi hawalipendi. Kuna cheo cha muundo na kuna cheo cha madaraka. Afisa Muuguzi daraja la II, la I, Mwandamizi, huo ni muundo. Inchaji na matroni ni madaraka, mtu anateuliwa na anaweza kuondolewa Ijumaa mchana. Masta haikupi umatroni. Ukirudi na cheti ukakuta anayekuchunia ndiye anayeteua, utabaki na cheti chako.

Kwa hiyo anza na karatasi. Hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kujaza fomu ya chuo, soma mkataba wa kurudi kutumikia neno kwa neno. Nimeona watu wameenda kusoma kwa ruhusa ya mdomo. Bosi akabadilika, wakahesabiwa watoro.

Sista wa Houston

Jamani huku Marekani kuna kada wanaiita CNL (Clinical Nurse Leader), muuguzi mwenye masta anayebaki wodini. Hasimamii rosta, hapandishi wala kushusha mtu. Kazi yake ni kufuatilia matokeo ya wagonjwa wa wodi ile, kuona wapi huduma inavuja na kukaa na madaktari kuirekebisha. Shirika la vyuo vyao vya uuguzi lilibuni wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mitihani ya cheti ikaanza 2007. Mdogo wangu, ulichoeleza hapo juu ndiyo kazi hiyohiyo, ila wewe unaifanya bila jina. Kuna masta za namna hii mtandaoni pia.

Dawati la Barua

Za mtandaoni sawa, ila kabla ya kulipa hata senti ulizia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kama chuo hicho wanakitambua.

Mwenye Zamu ya Usiku

Mimi naona mnamzungusha. Dada, ushahidi wa kumpa daktari hauhitaji masta. Mwongozo wa WHO wa 2016 unasema antibaiotiki itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu. Chukua daftari, chora safu nne: namba ya faili, saa ya dawa, saa ya kisu, hali ya kidonda. Omba ridhaa ya matroni na mkuu wa thieta (chumba cha upasuaji) wasije wakadhani unawapeleleza. Fanya miezi miwili. Ukienda kusoma, tayari una mada ya tasnifu. Usipoenda, vidonda vitakushukuru.

Na kama unatoka Kimara, kumbuka masika Jangwani ikijaa maji mwendokasi unasimama. Masomo ya jioni yatakutesa.

Patroni Mstaafu

Huyu wa usiku ameongea. Nimekaa wodini miaka 31, sikumbuki kuona saa ya dawa na saa ya kisu zimewekwa pamoja kwenye karatasi moja.

Mama Wawili wa Kimara

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, samahanini kwa kimya.

Nilimwendea matroni, akakubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nimepitia mafaili 40 ya mwezi uliopita. Kumbe kabla hata ya kujua nani alichelewa, 23 hayana saa ya dawa kabisa, imeandikwa "imetolewa" tu. Nilimwonyesha yule bingwa. Hakusema kitu, akaomba nakala. Kesho yake nilikuta fomu ya thieta imeongezwa mstari wa saa, kwa kalamu.

Barua ya ruhusa nimeiandika, naomba uuguzi wa mahututi kwa mwaka wa masomo ujao. Jumatatu naipeleka masjala na nakala yangu lazima igongwe mhuri. Mzee wa nyumbani amesema sawa, ila watoto waende kwa bibi yao Morogoro muhula mmoja, hapo bado hatujaelewana.

Kijana wa Upanga, andiko lako la tasnifu lilikuwa kurasa ngapi? Naomba nione tu lilivyopangwa.